Mrusi wa London, Amin wa Texas: lafudhi za tamthilia zinatuchanganya wapi?

Ugomvi huu huzuka kila tamthilia mpya ya nje inapoingia Kampala. Ingia saluni yoyote yenye televisheni ukutani, iwe Old Kampala au Ntinda, utaukuta. Kijana anayenyoa anauliza, "Mzee, hawa si Warusi? Mbona wanaongea kama watangazaji wa BBC?" Mzee aliyekaa kwenye kiti anangoja wembe upite shingoni ndipo ajibu: "Afadhali hawa, mwanangu. Wale wa jana walikuwa wanaigiza Urusi mpaka mate yanaruka." Wa tatu, ambaye hata kunyoa hakuja kunyoa, anasema wote hawajui kazi. Kama ni Warusi waongee Kirusi, yaishe.

Wote watatu wana hoja. Tatizo ni kwamba wanabishania mambo matatu tofauti wakidhani ni moja.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kiswahili, Kiganda na Kirusi ni lugha. Lahaja ni sura ya lugha katika eneo fulani, yenye maneno yake na sarufi yake kidogo: Kimvita cha Mombasa, Kiunguja, Kingwana cha Kongo. Lafudhi ni matamshi tu, yaani sauti zinavyotoka kinywani, mkazo unapoangukia, na wimbo wa sentensi nzima. Watu wawili wanaweza kusoma tangazo lilelile neno kwa neno na bado ukajua kwamba mmoja ametoka Gulu na mwenzake Mbarara. Kila mtu ana lafudhi. Tukisema "fulani hana lafudhi" tunamaanisha ana ile tuliyoizoea redioni.

Sasa, mtu akitazama tamthilia iliyowekwa nchi ya kigeni huwahi kuuliza kama lafudhi ni sahihi. Kuna swali linalotangulia hilo, na likirukwa mjadala wote unakwenda upande: ndani ya hadithi yenyewe, watu hawa wanaongea lugha gani?

Chukua tamthilia ya Chernobyl ya mwaka 2019, vipindi vitano juu ya ule mlipuko wa kinu cha nyuklia wa Aprili 1986, huko Ukraine ya enzi za Muungano wa Kisovieti. Jared Harris, Mwingereza, ndiye mwanasayansi Valery Legasov. Stellan Skarsgård, Mswidi, ndiye kiongozi wa serikali Boris Shcherbina. Wanaongea Kiingereza mwanzo mpaka mwisho na hakuna anayejitia Urusi. Kijana wa saluni anaona kasoro. Lakini katika hadithi Legasov anaongea Kirusi na watu wa Kirusi. Masikioni mwa Shcherbina hana ugeni wowote, kama Mganda wa Mengo asivyosikika mgeni kwa jirani yake wa Mengo. Ukimvalisha Kiingereza cha kukwaruza na kuvunjikavunjika, umempa ulemavu ambao hana: umemfanya mgeni katika lugha ya mama yake. Mwandishi wa tamthilia hiyo, Craig Mazin, ameeleza kwamba walilifikiria suala la lafudhi za Kirusi wakaliacha, kwa sababu mwigizaji akipewa lafudhi huanza kuigiza lafudhi na kumsahau mtu, na matokeo yake huwa vichekesho hata pale watu wanapokufa.

Kiingereza hapo kinashika nafasi ya Kirusi. Ni makubaliano kati ya anayeonyesha na anayetazama, na hayana ajabu. Watoto wakicheza baba na mama nyuma ya nyumba, kizibo cha soda ni sahani na mchanga ni posho. Hakuna anayeuliza sahani gani hii ndogo hivi. Lakini mmoja wao akitoka jikoni na sahani ya kweli ya mama yake, mchezo umeharibika papo hapo, maana sasa vile vizibo vyote vimerudi kuwa vizibo.

Kinachotukera mara nyingi ni hiyo sahani moja iliyotoka jikoni. Tamthilia inaanza na watu sita wa mji mmoja, wanne wanaongea kama watu wa London, mmoja ameng'ang'ania Urusi ya kuigiza, na wa sita Mmarekani asiyejali. Hapo sikio linaanza kutafuta maana: huyu ni mgeni? Wale wanatoka mkoa mwingine? Jasusi ni nani? Kumbe hakuna maana yoyote. Kila mwigizaji alikuja na mdomo wake na hakuna aliyekaa nao chini wakapatana. Huo ni uzembe wa watayarishaji, na mtazamaji anayelalamika ana haki.

Ila mchanganyiko unaweza kuwa wa makusudi. Katika filamu ya vichekesho ya 2017 juu ya kifo cha Stalin, Steve Buscemi ni Khrushchev mwenye lafudhi ya New York, Jason Isaacs ni Jemadari Zhukov anayenguruma kama mtu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na Stalin mwenyewe anaongea kama mtu wa mitaa ya kawaida ya London. Fujo tupu, lakini tazama kilichojificha chini yake. Stalin wa kweli alikuwa Mjojia, na Kirusi chake kilibeba lafudhi ya Kijojia maisha yake yote. Viongozi wale hawakutoka kijiji kimoja. Walikuwa na matamshi ya mikoa na ya matabaka mbalimbali, na Mrusi aliyewasikia alijua nani katoka wapi. Ukiwapa wote Kiingereza kimoja safi unafuta jambo hilo. Ukimpa jemadari mdomo wa Yorkshire, Mwingereza anaelewa mara moja: huyu ni mtu wa kusema wazi, hana adabu za ikulu. Lafudhi ya nyumbani kwa mtazamaji imetumika kumwonyesha jambo la nyumbani kwa mhusika. Shida ni kwamba mfumo huo unamfaa anayezijua lafudhi za Uingereza. Sisi wa Kampala tunasikia kelele tu.

Waliocheza mchezo huu kwa ustadi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni watengenezaji wa tamthilia moja ya vichekesho ya BBC, 'Allo 'Allo!, iliyoonyeshwa kuanzia 1982 hadi 1992. Hadithi iko kwenye mkahawa mdogo wa Ufaransa wakati Wajerumani wameikalia nchi hiyo katika Vita vya Pili vya Dunia. Kila mtu anaongea Kiingereza, lakini Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa maana yake ni Kifaransa, chenye lafudhi ya Kijerumani maana yake ni Kijerumani, na marubani wa Kiingereza waliofichwa humo wanaongea Kiingereza cha wakubwa wa kwao. Basi mhudumu akizungumza na wenzake na marubani wamesimama hapohapo, marubani hawaelewi kitu, na mtazamaji anajua kwa nini, ingawa masikio yake yamesikia lugha moja tu. Kisha wakamwongeza jasusi wa Kiingereza aliyejifanya polisi wa Kifaransa, ambaye Kifaransa chake ni kibovu. Unaonyeshaje Kifaransa kibovu kwa Kiingereza? Wakampa Kiingereza ambacho kila irabu imekaa pasipo pake. Kila akifungua mdomo ni aibu tupu, na Wafaransa wa mkahawa wanamkodolea macho.

Mfumo kama huo umerudi juzijuzi kwa sura ya heshima zaidi. Katika tamthilia ya Shōgun ya mwaka 2024, iliyozoa tuzo 18 za Emmy kwa msimu mmoja, Wajapani wanaongea Kijapani chenyewe, na tafsiri inapita chini ya skrini. Lakini nahodha wa Kiingereza na Bibi Mariko wanapoongea Kiingereza, ndani ya hadithi wanaongea Kireno, maana mwaka 1600 Wareno ndio walioleta lugha yao Japani pamoja na mapadri na biashara. Wengi waliitazama mpaka mwisho bila kulitambua hilo wakabaki kushangaa jinsi binti wa Kijapani alivyojua Kiingereza kabla hata meli ya Waingereza haijatia nanga.

Hapo yule wa tatu wa saluni atasema: si mmeona? Lugha halisi inawezekana. Inawezekana, ila haimalizi suala la lafudhi. Tamthilia ya Narcos, iliyoanza 2015, ilichagua Kihispania cha kweli kwa hadithi ya Kolombia. Aliyecheza Pablo Escobar, Wagner Moura, ni Mbrazili ambaye lugha yake ni Kireno. Alihamia Medellín, mji wa Escobar, akasoma Kihispania kwa ajili ya kazi hiyo. Sisi tulisikia Kihispania tukaridhika. Wakolombia walisikia Mbrazili akijaribu, amezungukwa na waigizaji wa nchi nyingine za Amerika ya Kusini, kila mmoja na Kihispania cha kwao, na wengi wao hawakuficha kukerwa. Jaribu kuwaza filamu juu ya mtu wa Mombasa, anayeigizwa na mtu wa Lubumbashi, huku mama yake anaongea kama mtu wa Dodoma. Mjapani angesema Kiswahili ni kizuri mno.

Na pesa nazo zina lake. Wenye fedha hutaka jina kubwa kwenye bango, na jina kubwa mara nyingi linajua lugha moja tu.

Hiyo ilikuwa hali ya kwanza, pale lugha moja inaposhika nafasi ya nyingine. Hali ya pili ni tofauti kabisa, na ndiyo inayotugusa Uganda: pale watu wa kwenye hadithi wanapoongea Kiingereza kweli. Hapo mchezo wa vizibo umekwisha. Lafudhi sasa ni jambo la ukweli kama mavazi na silaha, na linaweza kukosewa.

Mfano tulio nao ni Idi Amin, na sijui kama kuna mtu mwingine wa Afrika Mashariki aliyepitishwa kwenye vinywa vingi hivyo. Januari 1977, Amin akiwa bado madarakani, televisheni ya NBC ya Marekani ilionyesha filamu juu ya uokoaji wa mateka wa Entebbe, na Amin wake alikuwa Yaphet Kotto, mzaliwa wa New York. Mwaka 1981 akaja Joseph Olita, Mkenya. Mwaka 2006 akaja Forest Whitaker, mzaliwa wa Texas aliyekulia California. Mwaka 2018 hadithi ya Entebbe ilirudiwa, safari hii Amin akiwa Nonso Anozie, Mwingereza wa asili ya Nigeria. Amin wanne, midomo minne.

Amin hakuwa mtu wa kubuni. Sauti yake imehifadhiwa kwenye kanda nyingi, na mwaka 1974 Barbet Schroeder, mwongozaji filamu kutoka Ulaya, alimfuata na kamera akatoa filamu nzima ambamo Amin anaongea Kiingereza mwenyewe. Wazee wetu walimsikia redioni miaka minane. Kwa hiyo mtu akisema "Amin hakuongea hivyo," huo ni ushahidi wa mtu aliyesikia. Whitaker alilijua hilo. Alijifunza Kiswahili kiasi, akasikiliza kanda, akaja Uganda akakutana na jamaa za Amin na watu waliomjua, na Februari 2007 akaondoka na tuzo ya Oscar.

Ugumu wa kazi yake ulikuwa wapi? Wengi wanadhani mwigizaji anahitaji "lafudhi ya Uganda". Hakuna kitu kama hicho. Amin alikuwa Mkakwa wa West Nile, aliyeingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946. Kinywa chake kilikuwa na Kikakwa, Kinubi na Kiswahili cha kambini kabla Kiingereza hakijapata pa kukaa, na Kiingereza chenyewe kilikuja kwa sauti za maofisa wa Kiingereza na Kiskoti. Mwigizaji angemletea Kiingereza cha Mganda wa Masaka angekuwa amekosea kama yule aliyeleta cha Texas, ila kosa hilo lingeonekana Uganda tu. Pengine lisingeonekana hata hapa, kwa watoto wa siku hizi.

Hebu tulitazame jambo hili kwa karibu, maana hapa ndipo waigizaji wengi huanguka. Mkenya au Mtanzania akitaka kuchekesha kwa kumwigiza Mganda akiongea Kiswahili, anageuza kila r kuwa l: "kalibu", "habali". Hiyo nusu ni kweli. Katika Kiganda, l na r ni kama mtu mmoja mwenye makoti mawili, na koti linachaguliwa na irabu inayotangulia. Ikitangulia e au i, inatoka r. Kwingine inatoka l. Kwa hiyo Mganda aliyelelewa na Kiganda tu anasema "kalibu", sawa, lakini shilingi anaiita "siringi", kwa sababu imetanguliwa na i. Elimu inaelekea kuwa "erimu". Na hiyo sh ya shilingi imekuwa s, kwa kuwa Kiganda cha asili hakina sh. Ndiyo maana shati ni essaati. Sasa yule mchekeshaji anayegeuza kila r kuwa l hawezi kamwe kusema "siringi". Angeiacha l pale ambapo Mganda wa kweli anaweka r. Mganda anayemsikiliza huenda asijue kueleza kosa liko wapi, lakini anajua huyu si wa kwetu. Ukienda Ankole mambo yanageuka, r ndiyo imetawala. Ukipanda Acholi unakuta lugha ambayo kwa asili haina f wala s, basi Kiingereza na Kiswahili cha wazee wa huko vina sura nyingine kabisa.

Lafudhi ni kanuni. Ina sheria kama sarufi, na mwenye nayo anazifuata bila kuzijua. Walimu wa lafudhi wanaoajiriwa na studio kubwa kazi yao ni kuzichimbua sheria hizo na kumzoeza mwigizaji mpaka kinywa kitangulie akili. Asiye na mwalimu anaokota alama mbili tatu zinazosikika sana na kuzimwaga kila mahali, na matokeo yake yanafanana na katuni.

Kanuni zikipuuzwa kwa kiwango cha bara zima, tunapata ile iitwayo "lafudhi ya Kiafrika": sauti nzito, maneno yanayotembea polepole kama mzee anayetoa hekima, na r ya kuviringisha. Imetumiwa kwa Wanigeria, Wakenya na Wazulu bila ubaguzi. Hata kazi njema hazijaiepuka kabisa. Wakanda ni nchi ya kubuni katika filamu za Marvel, na lugha yake ikawa Kixhosa kwa sababu John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyecheza mfalme katika filamu ya 2016, aliona mfalme na mwanawe waongee Kixhosa, lugha yake. Ilipokuja filamu ya 2018, Black Panther, lafudhi ya waigizaji wengi ikafuata huko kusini. Kati yao alikuwepo Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London na wazazi Waganda, na Florence Kasumba, aliyezaliwa hapa Kampala akakulia Ujerumani. Watoto wetu wawili wameazimwa mdomo wa Eastern Cape. Kwa nchi isiyokuwepo, sina neno. Angalau kwa sehemu kubwa walichagua mahali pamoja wakakaa hapo. Kwa nchi iliyopo siwezi kuwa mpole hivyo.

Kaluuya anatusaidia kuondoa dhana nyingine, kwamba damu inabeba lafudhi. Watu wetu husema "angechezwa na Mwafrika angeiweza." Mwafrika yupi? Kaluuya ana jina la Kiganda na mdomo wa London, na Oscar yake ya 2021 ilitokana na kumwigiza Fred Hampton wa Chicago. Lucian Msamati, aliyecheza fundi magari wa Gaborone katika tamthilia ya BBC na HBO juu ya mpelelezi wa kike wa Botswana, ni mtoto wa Watanzania, alizaliwa Uingereza akakulia Zimbabwe. Mpelelezi mwenyewe alikuwa Jill Scott, mwimbaji wa Philadelphia. Wote wawili Kiingereza cha Botswana walikuwa wageni wacho. Msamati alikuwa jirani zaidi kwa kuwa aliishi Zimbabwe. Ngozi haikuwa na mchango wowote. Lafudhi hukaa masikioni kabla ya kukaa mdomoni, na sikio hufunzwa na mahali ulipokulia.

Mahali pagumu kuliko pote ni pale hali zile mbili zinapokutana, na ndipo ilipo filamu ya Katwe ya mwaka 2016, ile ya Phiona Mutesi na mchezo wa chesi. Mama yake anaigizwa na Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico, na kocha na David Oyelowo, Mwingereza wa asili ya Nigeria. Watu wa Katwe nyumbani wanaongea Kiganda. Kwenye filamu mama na binti wanaongea Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza kimeshika nafasi ya Kiganda, na kwa hoja niliyoitoa juu ya Legasov, lafudhi isingehitajika. Mbona basi wamepewa lafudhi ya Uganda, na mbona haikeri?

Jibu langu ni kwamba Kiingereza cha Uganda kipo. Kiingereza cha kukwaruza cha "Warusi" wa filamu hakiongewi na Warusi wakiwa nyumbani kwao, lakini mtoto wa Kampala anabadili Kiganda na Kiingereza katika sentensi moja, na kocha wa chesi anafundisha kwa Kiingereza kweli. Isitoshe, watoto wenyewe, akiwemo Madina Nalwanga aliyecheza Phiona, walitolewa hapahapa. Wao ndio walioshika wimbo, na wale mastaa wawili wakalazimika kuufuata. Mwongozaji, Mira Nair, ameishi Kampala kwa miaka mingi. Asingeweza kujitetea kwamba hakujua. Oyelowo hatelezi sana. Lupita, nikisikiliza kwa makini, mara mojamoja namsikia Mkenya.

Kulinganisha, kumbuka ile filamu ya 1985 iliyopigwa Kenya juu ya Karen Blixen na shamba lake la kahawa. Meryl Streep alimpa Blixen lafudhi ya Kidenmaki, na ilimpasa, kwani Blixen alikuwa Mdenmaki akiongea Kiingereza na Waingereza. Mpenzi wake, Denys Finch Hatton, alikuwa mtoto wa kabaila wa Kiingereza. Robert Redford alikuja tayari kuijaribu lafudhi hiyo, mwongozaji Sydney Pollack akamwambia aiache, maana Wamarekani wangebaki kumsikiliza Redford akijaribu Uingereza. Kwa hiyo katika chumba kimoja una Mdenmaki sahihi na kabaila wa Kiingereza mwenye sauti ya California. Sahani na kizibo mezani pamoja. Filamu ilipata Oscar ya filamu bora hata hivyo, na hilo linatosha kumjibu anayedhani lafudhi mbaya lazima iiue kazi.

Upande wetu nao haujasalimika. Wenzetu wa vibanda vya video walishatatua suala la lafudhi zamani kwa kulipuuza. VJ, yaani msimulizi wa filamu, tuseme Jingo, anaposimama juu ya filamu ya Hong Kong na kuisimulia kwa Kiganda, genge la humo linaweza kupanga kukutana soko la Owino hapa Kampala na hakuna anayeinua mkono kuuliza. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili Dar es Salaam ni vivyo hivyo: mama mkwe wa Istanbul anafoka kama mama wa Kariakoo, na tunamwelewa mara moja ni mama wa namna gani. Zote ni hali ya kwanza, makubaliano matupu, na zinakwenda vizuri kwa sababu VJ ni mmoja, na hata zile sauti nyingi za Dar zina kwao kumoja.

Palipo na hitilafu ni kwenye tamthilia zetu za Kampala pale anapoingia mwanajeshi. Wahusika wote wanaongea Kiganda au Kiingereza, mlango unapigwa teke, na ghafla ni Kiswahili: "Kaa chini! Wewe, toa pesa!" Kiswahili kifupi cha amri, kisichojua ngeli, kinachotolewa kwa koo. Chanzo chake kinajulikana. Lugha hii ililetwa kambini na jeshi la mkoloni, Amin akaitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee waliopitia misako ya "panda gari" hawajaisahau sauti hiyo. Kama hadithi ni ya miaka hiyo, mwanajeshi aongee hivyo, ni kweli tupu. Lakini Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, na bado kwenye skrini zetu hakuna mwalimu, bibi harusi wala mfanyabiashara anayekiongea. Ni lugha ya mwenye bunduki peke yake. Tunafanya kwa majirani zetu wa nyumbani kilekile tunachowalaumu Hollywood kwa kukifanya kwetu: alama mbili tatu zilizookotwa, zikamwagwa juu ya watu wote.

Waigizaji wakiulizwa watasema hawajui wapi pa kukisikia Kiswahili cha namna nyingine. Waende Bombo, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini, wakakae barazani kwa familia za Wanubi, ambako, pamoja na Kinubi chao, Kiswahili kinatumika hata kudai deni la sukari. Nauli ni ya teksi tu.